Nasari ya mtaani, ya kaunti, ya Montessori au ya kimataifa: mtoto aliyetoka ng'ambo aanzie wapi Kisumu?

Mzazi anayehama kutoka Ujerumani na kuja Kisumu husema amerudi nyumbani. Mtoto wake wa miaka mitatu, aliyezaliwa huko huko, hajarudi popote. Yeye ndio kwanza amehamia ugenini. Jua la saa nane linamchoma, nyanya anamsemesha lugha aliyozoea kuisikia kwenye simu tu, na kundi zima la binamu linataka kumshika nywele. Kabla hajaizoea njia ya kwenda chooni usiku, anavishwa sweta ya shule (ndiyo, Kisumu na joto lake, sweta bado ni sehemu ya sare) na kupelekwa langoni.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeolewa Kisumu, na katikati hapo tuliishi Leipzig, Ujerumani. Tangu tuhamie huku, kina mama wanaofika baada yetu huniuliza, "Dada, wako umempeleka wapi?" Huwa nawajibu kwa swali: mmekuja kukaa, au mnapita? Maana kama mmekuja kukaa, naona nasari ndogo iliyo karibu na nyumba, yenye mwalimu mpole, humfaa mtoto kama huyu kuliko shule ya jina kubwa iliyo upande wa pili wa mji. Na hata kama mnapita, shule ya jina kubwa haina faida nyingi kiasi wanachodhani watu.

Hajachelewa

Nianze na hofu ya kuchelewa, kwa sababu ndiyo inayowapeleka wazazi mbio kwenye shule zenye kazi nyingi za nyumbani. Katika mtaala wa umilisi wa Kenya, mtoto huingia PP1 (mwaka wa kwanza wa elimu ya kabla ya msingi) akiwa na miaka minne, PP2 (wa pili) mitano, na Gredi ya 1 sita. Chini ya hapo kuna bebi klasi na plegurupu, na hizo zimo mikononi mwa watu binafsi zaidi. Ujerumani mtoto ana haki ya kupata nafasi ya Kita, yaani chekechea ya kule, tangu anapotimiza mwaka mmoja. Hiyo ni sheria ya tangu Agosti 2013. Lakini shule yenyewe, ya kusoma na kuandika, huanza karibu na miaka sita. Shule zinazofuata mtaala wa Uingereza ndizo zenye haraka: Reception, darasa lao la awali, huanza Septemba baada ya mtoto kutimiza minne, na wa miaka mitano yuko Year 1.

Kwa hiyo mtoto wa Kita anayefika Kisumu na miaka mitatu na nusu hajui kuandika A. Anajua kuvaa viatu vyake, kujimiminia maji bila kumwaga, kupanda ngazi ya kamba. Baba mdogo akija kumwona atampa kalamu na kumwambia, "Hebu andika jina lako," na binamu wa rika lake ataandika mpaka ishirini huku watu wakipiga makofi. Mwache binamu apigiwe makofi. Usimhamishe mwanao shule kwa sababu ya kalamu hiyo.

Aina zenyewe

Vituo vya kaunti kwa kawaida viko ndani ya ua wa shule za msingi za umma. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya kabla ya msingi, na walimu wake huajiriwa na kaunti. Wazazi wanaotoka ng'ambo hawafiki hata kuvitazama, na hapo naona wanakosea. Uwanja ni mpana, una miti. Karo ni ndogo au haipo kabisa. Walimu wamesomea kazi hiyo. Masomo huisha kabla ya joto la mchana, jambo ambalo kwa mtoto aliyezoea kulala baada ya chakula ni neema. Shida yake ni hesabu. Mwalimu mmoja huwa na watoto wengi, na mgeni asiyesema neno hukaa nyuma kimya, akasahaulika huko. Mtoto mchangamfu, mwenye binamu darasa hilo hilo, anaweza kustawi kuliko unavyotarajia. Mtoto anayejificha nyuma ya gauni lako, hapana.

Nasari za mtaani ziko kila upande: Migosi, Tom Mboya, Lolwe, Mamboleo, Milimani. Mara nyingi ni nyumba ya kupanga iliyochorwa simba na herufi ukutani, bembea mbili uani, na mwenye shule ambaye pia ndiye mwalimu mkuu, mhasibu na mpokea simu. Hizi hazina wastani. Kuna iliyo paradiso, na mita mia tatu mbele yake kuna nyingine inayompa mtoto wa miaka mitatu kurasa nne za kunakili kila jioni. Kila kitu hutegemea mtu mmoja au wawili, kwa hiyo swali la kuuliza si la mtaala bali ni hili: mwalimu wa darasa hili yuko hapa tangu lini? Kama kila muhula kuna sura mpya, watoto wanazoeshwa upya kila muhula, na mwanao amekwisha kuzoeshwa vya kutosha mwaka huu.

Montessori nayo inataka macho. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyeanzisha mfumo huu, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, na jina hilo leo halina mwenyewe. Yeyote anaweza kulichora kwenye bango. Ukiingia, tafuta watoto wa miaka mitatu hadi sita wakiwa chumba kimoja, rafu fupi wanazozifikia wenyewe, mikeka sakafuni, na muda mrefu wa asubuhi ambao kengele haiwakatizi. Ukikuta wamepangwa mistari wakiimba herufi za ubaoni, basi ni nasari ya mtaani yenye bango zuri, na uipime kama nasari ya mtaani. Ile ya kweli humfaa sana mtoto wa Kita, kwa sababu kazi zake za kumimina, kufunga vifungo na kukunja vitambaa ni zile zile alizoziacha. Anaingia akiwa na kitu anachokijua.

Za kimataifa ni chache na ni ghali. Karo ya muhula mmoja huweza kukulipia mwaka mzima wa nasari ya mtaani na chenji ikabaki. Faida yake kubwa ni kwamba walimu wamezoea wageni. Pia cheti chake kinaeleweka ukihamia nchi nyingine yenye shule za aina hiyo. Hasara haiko kwenye kabrasha la rangi utakalopewa: rafiki wa mwanao anaweza kuwa anaishi mbali, kwa hiyo kucheza kwao ni kwa miadi, mama kwa mama, Jumamosi. Mtoto aliyehama hamkosi mwalimu aliyebobea. Anachokikosa ni mtu wa kupiga naye kelele saa kumi jioni.

Za makanisa ziko nyingi na nyingi ni safi na zina nidhamu. Nazihesabu pamoja na za mtaani, ila uulize kuhusu ibada kama dini yenu ni nyingine.

Lugha tatu, ya nne imebaki ndegeni

Hapa ndipo tofauti inapoonekana hasa. Sera ya nchi inataka mtoto mdogo afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na mjini lugha hiyo huwa Kiswahili au Kiingereza. Kwenye kituo cha kaunti utasikia Dholuo na Kiswahili zikipishana siku nzima. Kwenye nasari ya mtaani, Kiingereza ndicho cha darasani, Kiswahili cha kuchezea, na Dholuo cha mpishi na mlinzi wa lango. Shule ya kimataifa ni Kiingereza kuanzia kwenye maegesho ya magari.

Mtoto anayefika na Kijerumani na Kiswahili cha mama yake atanyamaza. Inaweza kuwa wiki kadhaa. Anasikiliza, anaweka akiba, na siku moja anasema. Si ugonjwa na si ujinga, lakini ni kipimo kizuri cha mwalimu. Kuna atakayekwambia siku ya tatu, "Huyu hawezi kuongea, tumrudishe bebi klasi." Na kuna kama yule wa nasari moja Migosi, ambaye alimpa binti yangu kazi ya kugawa vikombe vya uji. Hakuna aliyemlazimisha aseme. Kila asubuhi alipita na trei, kikombe kwa kila mtoto, chenye jina lake juu ya plasta. Sentensi yake ya kwanza shuleni ilikuwa ya ugomvi: "Sio wako huo, lete!" Mwalimu alinipigia simu akicheka.

Kabla ya siku ya kwanza mfundishe maneno machache ya kujiokoa, kwa Kiswahili: nataka choo, nina kiu, naumwa hapa, sitaki, niache. Kama anakwenda penye Dholuo, mwombe nyanya amwongezee. Mtoto akisema "adwaro pi" akapewa maji, mwenyewe atatafuta maneno mengine. Kiingereza usikisumbukie. Kisumu kitamfuata hata akiwa amelala. Kijerumani ndicho kitakachotoroka, na shule yoyote ya hapa, hata iwe ghali vipi, haitakushikia. Hiyo ni kazi ya mzazi mmoja nyumbani, kila siku, bila kuchanganya.

Langoni: kukaa au kuondoka?

Ujerumani kuna utaratibu wa kumzoesha mtoto ambao Kita nyingi huufuata, ule wa Berlin. Siku tatu za kwanza mzazi huja na mtoto, hukaa naye chumbani kama saa moja, kisha wanarudi wote nyumbani. Siku ya nne mzazi hutoka kwa muda mfupi, si zaidi ya nusu saa, kuona kama mwalimu anaweza kumtuliza. Kutoka hapo muda huongezwa taratibu.

Kisumu taratibu ni tofauti: mama anafika langoni, mwalimu anambeba mtoto, mama anaambiwa, "Nenda tu, atanyamaza." Na walimu wana sababu. Mzazi mmoja akikaa darasani, watoto ishirini wengine wanakumbuka kwamba nao wana mama. Lakini mtoto wa hapa ana shangazi, jirani na nyanya aliokuwa akiachiwa tangu mchanga. Mwanao wote hao kawapoteza mwezi uliopita, na umebaki wewe peke yako.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila shule ni kama wataniruhusu. Usiliulize kwa kuanza na "Kule Ujerumani..." Hakuna mwalimu anayependa kufunguliwa mlango kwa sentensi hiyo. Sema, "Mwalimu, huyu ni mgeni kabisa. Naomba siku chache nikae pale kwenye benchi nje, aone niko." Za kimataifa na za Montessori mara nyingi hukubali bila maneno. Nasari ya mtaani hukubali ikiwa mwenye shule ana moyo, na jibu lake litakwambia mengi kuliko ziara nzima. Kituo cha kaunti ni cha kuzungumza na mwalimu mwenyewe; ukijitolea kusaidia kugawa uji unakuwa si mgeni tena.

Jambo moja ambalo jamaa wote watakushauri, nami nakataa: "Toroka akiwa anacheza." Atanyamaza siku hiyo, kweli, na kesho hatacheza kwa sababu atakuwa anakulinda. Aga kwa kifupi, mwambie utarudi lini kwa saa anazozielewa yeye, baada ya uji au baada ya kulala, halafu uondoke kweli. Na urudi wakati huo uliosema.

Choo

Hili halimo kwenye orodha za watu, na ndilo linalorudisha watoto nyumbani wakilia. Vituo vya kaunti vina choo cha shimo. Nasari za mtaani zina cha kuvuta maji ambacho siku nyingine hakina maji, basi ni ndoo. Za kimataifa zina vyoo vidogo vya kimo chao. Mtoto aliyezoea poti na kiti, akionyeshwa shimo lenye giza, atabana mkojo mpaka saa sita na kurudi amejikojolea, au ataanza kusema tumbo linamuuma kila asubuhi.

Mzoeshe mapema, na si shuleni. Mkienda kwa nyanya Seme au Nyakach, mpeleke mchana, mlango ukiwa wazi, umshike mikono yote miwili akichuchumaa, mpige hadithi kama kawaida. Nyumbani mchezo wa kuchuchumaa kama chura unatosha kuimarisha miguu. Mnunulie kaptura za mpira kiunoni, uachane na vifungo na mikanda. Na siku ya kutembelea shule omba kuona choo cha watoto, sio cha walimu. Sabuni ikiwepo karibu na bomba, hiyo ni shule inayofikiri.

Kiboko

Ujerumani ilimpa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa mwaka 2000. Kenya nayo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu za mateso shuleni. Ukiuliza "mnachapa?" utajibiwa hapana kila mahali, kuanzia ya kaunti mpaka ya kimataifa. Uliza, "Mtoto akimng'ata mwenzake, mnafanyaje?" kisha unyamaze usikilize. Tupa jicho pia juu ya kabati la mwalimu. Rula ndefu ni rula. Kipande cha paipu ya maji hakina kazi nyingine darasani.

Njia na homa

Shule ya mbali ina basi la njano, na basi lina njia. Uliza mwanao atakuwa wa ngapi kuchukuliwa. Wa kwanza huamshwa giza bado halijapambazuka na kuzungushwa Mamboleo, Kondele mpaka Milimani akisinzia, na jioni huenda ndiye wa mwisho kushuka. Bodaboda kwa mtoto wa umri huu sikubali, hata kama mtaa mzima unafanya hivyo. Nasari unayoifikia kwa miguu inawapa dakika kumi za kushikana mikono na kuokota mawe, na kwa mtoto aliyepoteza mji mzima, kuijua njia moja vizuri ni kitu kikubwa.

Ukaribu una sababu nyingine nzito. Kanda ya ziwa ni eneo la malaria mwaka mzima, na mtoto aliyezaliwa Ulaya hana ile kinga kidogo ambayo wenzake wamejijengea. Homa kwake si ya kuvumiliwa hadi kesho: ni kupimwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo shule ikubali kukupigia simu mara tu mwili ukipata moto, badala ya kusubiri saa tisa, nawe uwe mahali ambapo unaweza kufika upesi. Kama watoto hulala mchana, uliza kuhusu neti. Kabla ya muhula peleka kadi yake ya chanjo kliniki. Ujerumani waliacha kuipendekeza BCG, chanjo ya kifua kikuu, mwaka 1998, na hapa hutolewa mtoto akizaliwa, kwa hiyo muuguzi atatafuta kovu mkononi na asilione. Mwulize la kufanya.

Karatasi nyingine ni rahisi: cheti cha kuzaliwa (ofisi za Ujerumani hutoa cha lugha nyingi, Kiingereza kikiwemo, kichukue kabla hamjaondoka), picha, kadi ya chanjo. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni Mkenya ni raia kwa kuzaliwa hata kama alizaliwa ng'ambo, lakini shughulikia hati zake mapema. Kuhusu gharama, omba iandikwe yote, kwa sababu karo ni mwanzo tu: kuna sare mbili, uji, basi, vitabu, safari ya kutembea, na kwa PP2 joho la mahafali.

Kama mtarudi Ulaya

Mama mmoja aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili aliniambia hana hiari, ni kimataifa tu, mtoto asije akaachwa nyuma Ujerumani. Lakini Ujerumani hawamngojei akiwa anasoma. Wanamngojea akiwa na miaka sita na Kijerumani. Shule ya Kiingereza haimpi hicho. Kama unarudi Uingereza, hapo sawa, kalenda na herufi zitakutana. Kwingine, pesa hizo zinaweza kulipa tiketi ya kumpeleka kwa bibi yake wa huko likizo ya Agosti, akacheza na watoto wa Kijerumani likizo nzima.

Aanze lini

Mwaka wa shule za Kenya huanza Januari, wa shule za mtaala wa Uingereza Septemba. Wanaofika Septemba au Oktoba huwa na haraka ya kumwingiza mtoto muhula wa tatu. Ndio muhula mfupi kuliko yote, urafiki umekwisha gawanywa, na wiki zake za mwisho ni mazoezi ya mahafali: ngoma, mashairi, na mwalimu aliyechoka. Utalipa karo ya mtoto kukaa kitini akiwatazama wengine wakicheza wimbo asioujua. Mwache nyumbani na binamu zake, mpeleke Dunga, kule ufukweni mwa ziwa, aone wavuvi, mpitishe mbele ya shule mara kwa mara mkitoka sokoni, amsalimie mlinzi mpaka wajuane majina. Januari bebi klasi na PP1 zote hujaa wageni, na asubuhi ya kwanza lango zima linalia. Wa kwako hatakuwa peke yake.